Mtoto wa Kulipiwa

Siku majina ya waliochaguliwa kwenda chuo kikuu yalipotoka, na la mdogo wangu likawemo, baba alifunga saluni kutwa nzima. Asiyemjua baba ataona ni jambo dogo. Baba ni kinyozi, na kwa miaka thelathini alikuwa hajaifunga saluni ile isipokuwa siku ya mazishi ya mama yake, na hata siku hiyo alinyoa vichwa viwili asubuhi kabla ya kwenda makaburini. Jina langu mimi lilipotoka, miaka kumi na mmoja kabla, alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Aliniuliza, "Umepata?" Nikasema nimepata. Akasema, "Vizuri, mwanangu," akaendelea na kisogo.

Kisogo kile sijakisahau. Nikikutana nacho sokoni leo nitakitambua.

Mdogo wangu tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Mimi ndiye kifungua mimba, na kati yetu hakuna mwingine, kwa hiyo hata wa kumsingizia hatuna. Siku ile baba alimnunulia sanduku la magurudumu, jipya, bado lina karatasi za dukani. Mimi nilikwenda chuo na begi la kuwekea vitambaa la mama, ambaye hushona mapazia. Zipu yake ilikuwa imekufa zamani, tukalifunga kwa kamba ya pazia. Mama alipoona nalitolea macho sanduku lile alisema, "Dunia imebadilika, mwanangu. Siku hizi watoto wanabeba vitu vingi." Nikamjibu kwamba hata mimi nilikuwa na vitu vingi, ila vilikuwa mgongoni.

Sitaki kujipaka mafuta. Nilikuwa na wivu, na wivu wenyewe haukuwa wa siku moja. Mimi niliposomea utengenezaji wa meno bandia niliambiwa nikakope, na nikakopa. Ofisi ya mikopo ilinipa zaidi kidogo ya nusu ya ada, iliyobaki niliipata kwa kuosha chupa za maabara kila Jumamosi. Nilipomaliza nilikaa miaka miwili bila ajira, na deni halikukaa na mimi; lenyewe lilikuwa kazini, linaongezewa adhabu na tozo kila mwezi. Nilipoajiriwa hospitalini, mshahara wa kwanza tu ulikuja umeshamegwa. Mpaka leo mshahara wangu mzima naujua kwa kuusoma kwenye karatasi. Kuugusa bado.

Chumba chetu cha kazi kiko chini kabisa ya hospitali, mlango wa mwisho baada ya stoo ya magodoro. Kuna meza mbili, jiko dogo la gesi la kuyeyushia nta, na rafu tatu zilizojaa mataya ya plasta, kila taya na karatasi ya jina la mwenyewe. Kazi yangu ni kumtengenezea mtu meno ya kumtosha yeye, asicheke kama kavaa ya jirani. Watu hudhani ni kazi ya kuchekesha, lakini ni kazi ya subira, na subira mimi ninayo ya plasta tu.

Sasa kuhusu fomu.

Anayeomba mkopo hujaza fomu ya hali ya kaya: mzazi anafanya kazi gani, nyumba ina vyumba vingapi, na sehemu ya nne, ndugu walioajiriwa. Mtaani kwetu hakuna mtu aliyewahi kuwa na ndugu mwenye kazi mbele ya fomu ile. Kuna mwalimu mkuu jirani yetu, watoto wake wanne wana kazi na wawili wana magari, lakini binti yake wa tano alipoomba mkopo aligeuka mtoto wa pekee. Wanaoomba wanajua, wanaotoa wanajua, na mambo yanakwenda. Kuandika "hakuna" kwenye sehemu ya nne si uongo kwetu. Ni kama kugonga hodi.

Baba aliniita Jumapili mchana niende saluni nikaijaze. "Wewe ndiye mzoefu wa mikopo," alisema. "Mimi mkono wangu ni wa mkasi."

Nilikaa kwenye benchi la wateja, yeye akawa ananitajia huku anafagia nywele. Kazi, kinyozi. Viti, viwili.

"Baba, niandike kimoja," nikasema. "Cha pili hakikaliwi na mtu."

"Viwili. Wakija kukagua wakakuta viwili nitaweka wapi uso?"

Nikaandika viwili. Tulipofika sehemu ya nne mteja aliingia na mtoto wake, baba akachukua shuka. "Hapo weka kama wanavyoweka watu," akasema, akanipa mgongo.

Kitinda alikuwa nje, anapiga picha mbele ya kibao cha saluni na sanduku lake. Namwona mpaka sasa: anacheka, sanduku limeegemezwa mguuni, mama anamwambia asogee kidogo kibao kionekane. Hakuna picha yangu ya kwenda chuo, si na begi wala bila begi. Nikaangalia ile nafasi wazi kwenye karatasi. Nikaandika cheo changu, hospitali yangu, miaka yangu kazini, na mshahara wangu kabla ya makato. Halafu nikafungua mkoba, nikatoa hati ya mshahara ya mwezi uliokuwa umepita, nikaibana nyuma ya fomu kwa pini. Mwezi ule tulikuwa tumezunguka shule ishirini na mbili kupima meno ya watoto na tukalipwa posho, kwa hiyo hati ile ilikuwa nono kuliko yoyote niliyowahi kupata, na kuliko yoyote niliyopata baadaye.

Sikusema uongo hata nukta. Hilo ndilo lililokuja kunitesa. Mtu aliyedanganya anaweza kwenda kusema nilidanganya, nisameheni. Mimi ningesema nini? Nisameheni, nilisema kweli kwa roho mbaya?

Baba alitia saini chini bila kusoma, kwa sababu nilikuwa nimeandika mimi. Nikaifunga kwenye bahasha, na kesho yake Kitinda akaipeleka.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita, mezani, tunakula cha mchana. Kitinda alisoma kwenye simu, akaisukuma polepole kwa baba. Baba akaisogeza mbali na macho yake, akaisoma kwa sauti: kaya ina uwezo wa kugharamia masomo. Hakupata chochote, hata robo.

Mtu wa kwanza kusema alikuwa baba. "Ni kile kiti cha pili."

Mama akasema haiwezekani kiti kimoja kikamnyima mtoto mkopo. Baba akarudia kwamba ni kiti, angemsikiliza dada mtu akaandika kimoja. Mimi nilikuwa natafuna. Nilifurahi, na nasema wazi kwamba nilifurahi. Nilijiona nimesawazisha kitu kilichokuwa kimepinda kwa miaka kumi na mmoja. Nilitaka angalau mara moja na yeye ajue ladha ya kuhangaika.

Furaha yangu ilidumu siku nne. Alhamisi nilipita saluni nikitoka kazini, nikamkuta baba amefunga mashine zake zote mbili kwenye taulo, anaongea na mwanamume anayeuza makava ya simu. Yule bwana alikuwa anapima upana wa mlango kwa hatua. Baba alikuwa ameamua kuuza. Pesa ya saluni ingetosha ada ya mwaka wa kwanza na kidogo ya wa pili.

"Na baada ya hapo?" nikamwuliza.

"Baada ya hapo Mungu yupo." Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alisema hivyo huku anakunja shuka la wateja, pindo kwa pindo.

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo niseme, na kilichotoka ni kingine kabisa. "Usiuze, baba. Nitalipa mimi."

Alinitazama kwanza kama hajasikia. Kisha akaweka shuka chini, akanishika mikono yote miwili mbele ya yule muuza makava. Baba hakuwahi kunishika hivyo. Na mimi, badala ya kuona aibu, nilitamani asiniachie.

Basi nikalipa. Nilikopa kwenye chama cha akiba cha hospitali, nikahama kutoka vyumba viwili nikaingia kimoja, nikaanza kushinda kila Jumamosi kwenye kliniki ya mtu binafsi nikirekebisha meno ya watu yaliyovunjika. Mshahara wangu ukawa unamegwa mara mbili: kipande kwa deni la chuo changu cha zamani na kipande kwa chuo cha Kitinda. Alikuwa anasomea uhandisi wa maji. Mimi nilikuwa nakunywa maji hayo hayo mchana badala ya chakula.

Kitinda alitaka kukata rufaa. Nilimwambia ni kupoteza nauli, rufaa hazisomwi, nikamwambia kwa ukali mpaka mama akanitazama. Akaenda vilevile, asubuhi, na faili lake kwapani. Alirudi alasiri, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni, akavua viatu. Mama akamwuliza wamesema nini. "Dirisha la rufaa limefungwa," akajibu, na hakuniangalia. Nilidhani amechoka kwa jua.

Tangu wiki ile mambo yalibadilika nyumbani, na yakabadilika kwa upande wangu. Baba aliacha kabisa kuzungumzia kiti cha pili. Badala yake akawa ananizungumzia mimi. Nikipita saluni anasimamisha mashine, mteja na povu lake shingoni, anasema, "Huyu hapa ndiye anayemsomesha mwenzake. Kwa mikono yake." Kila Ijumaa ananipigia kuniuliza nimekula nini. Nikienda nyumbani nawekewa kiti kilichokuwa cha Kitinda, karibu na dirisha.

Kwa Kitinda, baba alipoa. Akipiga simu kutoka chuoni baba anaipokea, anasalimia, anampa mama. Akirudi likizo anaulizwa matokeo kama karani anavyomwuliza mtu namba ya kitambulisho. Mara moja alifika na zawadi, kitambaa cha kufutia miwani alichokipata kwenye semina, na baba akakiweka mezani bila kukifungua. Kitinda akakichukua baadaye akafuta nacho skrini ya simu yake.

Niliyaona yote hayo na nikayala. Nilinenepa kwa sifa huku mwili ukikonda. Nilijiambia kwamba haki imetembea polepole lakini imefika, na sikujiuliza hata siku moja imefika kwa miguu ya nani.

Na bado wivu haukuisha. Ungedhani umeshiba, kumbe umepata hamu. Nilimwonea wivu vitabu vyake, marafiki zake waliompigia simu kwa majina ya utani, usingizi wake wa mchana siku za likizo. Zaidi ya yote nilimwonea wivu siku atakayomaliza. Atatoka pale hadaiwi na mtu. Mshahara wake wa kwanza ataushika mzima, wote, na atauona jinsi ulivyo, kitu ambacho mimi sijakiona, na atakishika kwa sababu yangu.

Mwaka wa pili alikuja kazini kwangu na karatasi ya matokeo. Alisimama karibu na rafu, akasoma majina ya wenye mataya, akanipa karatasi. Alama zake zilikuwa nzuri kiasi cha kuudhi.

"Ahsante, dada," akasema. "Nilitaka uone kabla ya mtu mwingine."

"Mimi wakati wangu nilikuwa naosha chupa," nikamwambia. "Ningelala kama wewe ningepata zaidi ya hizi."

"Najua."

"Unajua nini wewe? Hujawahi kubanwa hata siku moja."

Akaikunja karatasi yake taratibu, akairudisha kwenye bahasha. "Najua, dada. Ndiyo maana nasoma." Akaondoka, na mwenzangu wa meza ya pili, mzee tunayemwita Plasta, akaniuliza yule binti amenikosea nini. Nikamwambia aangalie nta yake isiungue.

Ilipofika mwaka wa nne, mahafali yakiwa yamebaki mwezi mmoja, baba alitaka meno. Ya juu yalikuwa yamemwisha kwa miaka mingi na hakuwahi kulalamika, lakini sasa alisema hawezi kupigwa picha chuo kikuu akicheka na ufizi. Kipimo cha ufizi kwa kawaida huchukuliwa na daktari wa meno ghorofa ya juu, mimi huletewa tu. Kwa baba niliomba nichukue mwenyewe, na daktari akakubali. Walikuja asubuhi ya Jumanne, yeye na Kitinda. Kitinda alibaki kwenye benchi la korido na kofia ya baba mapajani. Mzee Plasta alikuwa amekwenda stoo kuchukua jasi.

Nilimkalisha baba kwenye kiti chenye mgongo mrefu, nikamfunga kitambaa shingoni. Akacheka. "Leo mimi ndiye mteja," alisema. Nikapima unga wa kipimo, nikatia maji, nikaanza kukoroga. Ukishaukoroga hauna simile: una dakika tatu hivi, halafu umeganda.

"Mwanangu," akasema, "kuna jambo nimelifanya. Nilikwenda kwa wakili wiki iliyopita. Saluni nimeiandika kwa jina lako. Yako peke yako."

Mkono ukanisimama kwenye bakuli. "Na Kitinda?"

"Kitinda keshalipiwa. Chake amekipata, na amekipata mgongoni kwako. Huo mlango ni wa kwako. Nilitaka nikwambie kabla ya mahafali, ili siku ile nikisimama nawe kwenye picha..."

Hakumaliza kwa sababu nilimjaza mdomo. Uji ulikuwa unaanza kushika, kile kisahani cha chuma cha kipimo kilikuwa tayari mkononi, nikakiingiza na kukikandamiza juu kwenye ufizi. Macho yake yalifunguka. "Pumua kwa pua, baba," nikamwambia. "Usimeze. Usiseme kitu."

Nilikuwa na kidole changu kwenye taya la mzee wangu na saa ya ukutani mbele yangu, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne kulikuwa na mtu mbele yangu asiyeweza kunijibu. Najua ni ujanja. Laiti angekuwa na mdomo mtupu nisingethubutu.

"Si kiti cha pili," nikasema. "Ni mimi. Sehemu ya nne, ile uliyosema niweke kama watu wanavyoweka. Sikuweka. Niliandika mshahara wangu, nikabana na hati, ile yenye posho. Nilijua watamnyima. Nilitaka wamnyime."

Baba akaguna. Akainua mkono. Nikaushusha kama ninavyoishusha ya wagonjwa.

"Bado. Haijaganda. Ulifunga saluni siku yake, baba. Yangu hukuifunga. Ulimnunulia sanduku. Mimi nilikopa na bado nalipa, na yeye alikuwa anakwenda kukopa akicheka, akipigwa picha. Ndiyo maana nikaandika. Na ulipotaka kuuza nikaogopa, nikalipa, na watu wakaniita mwema, na mimi nikaitika. Saluni usinipe. Ukinipa nitaichukua, najijua, kwa hiyo usinipe."

Sauti yangu ilikuwa imepanda, nikaisikia inagonga rafu. Mate yalikuwa yanamtoka baba pembeni ya mdomo, nikayafuta. Kisha macho yake yakajaa machozi, na hapo nikajua nimemaliza kila kitu nilichokuwa nacho kwake.

Nilipokitoa kile kisahani kilitoka na mlio wa kufyonza. Kipimo kilikuwa kimeharibika, kimejikunja upande mmoja nilikokuwa nimekandamiza mno. Baba akatema kwenye bakuli, akajifuta.

"Wewe mtoto una moyo," akasema.

"Baba, nimekwambia..."

"Nimesikia. Sina meno, masikio ninayo." Akanishika mkono wenye glavu. "Unamfichia mwenzako. Umemlipia ada miaka minne na sasa unataka kumlipia na kosa. Mimi najua aliyebana hiyo hati, mwanangu. Najua tangu zamani."

Sikuelewa. Nilimwuliza anajua nini.

"Mwenyewe aliniambia. Siku ile aliyokwenda kukata rufaa. Walimfungulia faili wakamwonyesha karatasi yako ya mshahara, akarudi akanikuta saluni kabla hajafika nyumbani. Akasema ni yeye aliyeichomoa kwenye mkoba wako, akaandika na mshahara pale, akidhani wakiona dada yake ana kazi nzuri watamwamini kwamba mkopo utarudi. Alilia hadi wateja wakatoka nje. Alinisihi nisikwambie, kwa sababu tayari ulikuwa umeahidi kulipa." Baba akatikisa kichwa. "Nilimwambia ujinga wake umemgeuza dada yake punda. Sijamsamehe vizuri mpaka leo. Nilikuwa najua na wewe utakuwa umegundua, mtu mwenye akili zako. Sikujua kama ungefika umbali huu kumtetea."

"Si yeye. Ni mwandiko wangu, baba. Nenda kaangalie."

"Nikaangalie nini, mimi na macho haya?" Alikuwa anatabasamu kwa ule ufizi wake. "Yamekwisha. Na saluni ndiyo kwanza imekuwa yako."

Nilimwambia tena, mara mbili, kwa utaratibu, kama unavyomweleza mtu njia. Kila nilivyosema ndivyo alivyozidi kunipigapiga mkono. Mwisho nikavua glavu moja, nikatoka nje.

Kitinda alikuwa ameketi palepale, kofia mapajani. Hakuuliza meno yatakuwa tayari lini.

"Mlango wenu haufungi vizuri," akasema.

Nikakaa kwenye benchi. Muuguzi mmoja akapita anasukuma kitoroli cha mashuka, tukasubiri apite.

"Ulijua," nikasema.

"Walinionyesha. Niliujua mwandiko wako kabla sijasoma maneno."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Baba alikuwa kila siku anajilaumu kwa kiti. Alikuwa anakitazama kile kiti kama amemuua mtu. Lazima awepo wa kulaumiwa, dada, na si yeye."

"Ungenitaja mimi."

"Ndiyo."

"Ungenitaja."

Akageuza kofia ya baba, akatoa unywele mmoja mfupi kwenye pindo. "Wewe ulikuwa unanilipia ada," akasema. "Mimi nilikuwa na nini cha kukulipa? Nikaona unachokitaka ni baba akuone. Nikakupisha."

Alisema hivyo bila uchungu, na bila kujigamba. Ningependa angejigamba. Nikakumbuka kila Ijumaa baba aliyonipigia, kila mteja aliyesimamishwa na povu shingoni ili niangaliwe, kiti cha dirishani, na yule mtoto wa miaka ishirini anayepewa salamu fupi kwenye simu kisha anapewa mama. Miaka minne nilikuwa nahesabu nilichomtolea yeye, mwezi kwa mwezi, na wala sikujua kwamba na mimi nilikuwa nalipiwa. Mimi niliyekuwa nikijisifu kwa watu wote kwamba sijawahi kulipiwa kitu na mtu.

"Mwambie ukweli," nikamwambia. "Wewe atakuamini."

"Hataniamini. Ataona nakusukumia." Akasimama, akajikung'uta sketi. "Acha, dada. Usiniharibie. Hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kukulipa."

Baba aliita kutoka ndani, anauliza kama anaruhusiwa kunywa maji. Kitinda akaingia kumpelekea kofia, na kupitia mlango usiofunga nilimsikia baba akimjibu kwa ile sauti yake fupi, sauti ambayo kwa haki ilikuwa ya kwangu. Nilimwonea wivu pale kuliko siku zote za nyuma zikijumlishwa, si kwa sanduku wala kwa picha. Hata wema alikuwa amenitangulia. Alikuwa anatoka chuo hadaiwi na mtu, na mimi ndiye niliyemdai kwa miaka minne, kumbe kwangu alishamaliza kulipa wiki ya kwanza. Mdaiwa nilibaki mimi, na deni hili halina ofisi itakayonikata kidogo kidogo.